Walimu Waliofundwa Jamvini

Neno chuo, ambalo leo likitajwa humjia mtu picha ya majengo marefu na shahada zenye mihuri, kwa wazee wetu wa pwani asili yake haikuwa jengo hata kidogo. Chuo kilikuwa kitabu. Na mahali palipofunguliwa kitabu hicho, hata pakiwa ni ukumbi wa nyumba ya mtu au kivuli cha mwembe, napo pakaitwa chuoni. Na aliyekulia hapo akakomaa katika elimu wakamwita mwanachuoni, jina ambalo ndani yake hamna cheo wala mshahara, bali mna uzawa, kana kwamba kitabu ndicho kilichomzaa. Nimelitanguliza neno hili kwa kuwa siku hizi, kila panapozungumzwa habari ya kuwafunza walimu namna ya kuwalea watoto wenye vipaji vya pekee, wazungumzaji huanzia ng'ambo, na jambo lenyewe huletwa nyumbani kama bidhaa ngeni iliyopakuliwa jana bandarini, hali ya kuwa katika miji ya Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija jambo hilo lilikuwa na ada zake, na mafundi wake, na istilahi zake, zamani kabla ya mtoto yeyote katika nchi hizi kuambiwa kuwa yuko darasa la kwanza.

Na tuanze chini kabisa, penye ubao. Mtoto aliyepelekwa chuoni akiwa na umri wa miaka sita au saba alipewa ubao wake mwenyewe, na juu ya ubao huo maalimu alimwandikia kwa wino wa masizi harufi chache, kisha akamsomesha, akamwacha akariri. Alipokwisha kuzihifadhi, ubao ulioshwa, ukaandikwa mengine. Jambo hilo ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mlikuwa na kanuni kubwa: ubao haukuoshwa kwa sababu wenzake wamekwisha hifadhi, wala haukubakizwa na wino wake kwa sababu wenzake bado, bali ulioshwa siku ambayo mwenye ubao amehifadhi. Watoto 30 waliokaa jamvi moja walikuwa na masomo 30, na kelele ile iliyowaudhi wageni wa Kizungu walipopita nje ya vyuo vyetu, wakaiandika kuwa ni fujo, haikuwa fujo, bali ni kila mtoto kusoma mahali pake. Ndugu wawili waliingia pamoja, mmoja akaikhitimisha Kurani kwa miaka miwili na mwingine kwa mitano, na hapana aliyeona ajabu, kwa maana hapakuwa na darasa la kurukwa wala la kurudiwa.

Aliyekuwa mwepesi alipomaliza ubao wake mapema hakuachwa akae akiwatazama wenzake. Maalimu alimkalisha mbele ya watoto wawili watatu wadogo zaidi, akamwambia awasomeshe alifu na bee, na hapo ndipo ualimu ulipoanza, katika umri ambao leo mtoto huhesabiwa kuwa bado hajui kujifunga viatu. Sisemi kwamba kila maalimu alifanya hivyo kwa hekima, kwani wako waliofanya kwa uvivu, ili wapate kulala. Lakini ada ilikuwapo, na mwenye hekima aliitumia.

Baada ya chuo ndipo ikaja darsa. Darsa nyingi zilikuwa msikitini, baina ya magharibi na isha, au nyumbani kwa sheikh baada ya alfajiri, na watu walikaa duara, halaka, mkubwa kwa mdogo, mchukuzi wa bandarini pembeni mwa mtoto wa kadhi. Vitabu vilikuwa na daraja zake zinazojulikana: katika fikihi mtu alianza na Safina, akapanda kwa Abi Shujaa, mpaka akaifikia Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo ni bahari, katika nahau alianza na Ajurumiya, akaishia kwenye Alfiya ya Ibn Malik, beti 1,000 za kuhifadhiwa kwa moyo. Lakini daraja hizo zilikuwa za vitabu, hazikuwa za miaka. Hakuna aliyemwuliza mtu ana umri gani aipate Minhaji. Aliulizwa amekisoma kitabu gani, na kwa nani.

Nami niliwahi kukaa katika halaka ya namna hiyo, katika msikiti mdogo wa pwani nisioutaja kwa jina, na liko jambo moja nililoliona huko ambalo tangu siku ile limekuwa ndiyo mizani yangu ya kuwapimia walimu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na darsa ilikuwa ya faraidhi, yaani elimu ya mirathi, ambayo wanafunzi wengi huiogopa kwa ajili ya hesabu zake. Maalimu wetu, mzee aliyeifunga miwani yake kwa uzi, alikusanya kokwa za tende zilizobaki baada ya kufuturu, akazihesabu 24, akazitandaza juu ya jamvi, akasema: "Mtu amekufa, ameacha mke, na binti wawili, na baba yake, na mama yake. Hizi ndizo mali zake. Gawanyeni." Tukaanza. Mke fungu lake ni thumuni, basi kokwa 3. Mama sudusi, kokwa 4. Baba naye sudusi, kokwa 4. Binti wawili, thuluthi mbili, kokwa 16. Tulipofika kwa binti mikono yetu ikakwama, kwa kuwa kokwa zilizokuwa zimesalia ni 13. Watu wazima walianza kubishana nani apunguziwe. Mmoja akasema mke, kwa kuwa ataolewa tena. Mwingine akasema baba, kwa kuwa ni mzee.

Alikuwapo kijana, umri wake haukuzidi miaka 12, mwana wa mvuvi, ambaye tangu mwanzo hakusema neno. Akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua kokwa 3 nyingine, akaziweka jamvini pamoja na zile, akasema kwa sauti ndogo: "Maalimu, tusimpunguzie mtu. Mali ni ileile, lakini tuigawe mafungu 27. Kila mtu atachukua idadi yake, na kila fungu litakuwa dogo kidogo, kwa wote sawa." Alikuwa ameizua kwa akili yake kanuni ya auli, ambayo wanavyuoni wameiandikia milango mizima ya vitabu; na suala lenyewe ni mashuhuri, huitwa Mimbariya, kwa kuwa husimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa naye yumo katika kuhutubu juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekwisha kuwa tusui, yaani fungu moja katika 9, kisha akaendelea na hotuba yake.

Ninalotaka msomaji aliangalie ni alilolifanya maalimu baada ya hapo. Hakumsifu. Alimtazama kitambo, akasema, "Rejea, mwanangu, utwambie kwa nini," na kijana alipokwisha kueleza, akafunga kitabu, akamwambia kwamba kesho yake yeye ndiye atakayewafahamisha wenziwe mlango huo. Kesho yake mzee alikaa nyuma, ameegemea nguzo, na kijana akakaa mahali pake. Akaeleza sahihi kabisa, wala hapana aliyefahamu, kwa maana alikwenda mbio kama mtu anayejisomea peke yake. Tulipotawanyika nilimsikia mzee akimwambia, "Hesabu yako haina kasoro. Lakini uliwaacha njiani. Ulipofika kwenye kokwa ya 13 ungalisimama, uwaache wakwame kidogo kama mlivyokwama jana, ndipo watake kujua." Usiku wa tatu kijana alirudia, akasimama kwenye kokwa ya 13, akanyamaza. Mchukuzi mmoja, mtu wa makamo, ndiye aliyenyoosha mkono wake kwenye sahani.

Hayo ndiyo mafunzo ya ualimu jinsi yalivyokuwa. Mwenye kipaji hakutengwa na halaka akapelekwa mahali pa peke yake, wala hakuzuiwa humo angoje. Alipewa kazi iliyo ngumu kuliko hesabu yenyewe, nayo ni kuwaingiza wengine katika lile alilolifahamu, mbele ya macho ya fundi. Na kwa kazi hiyo alipata dawa ya ugonjwa unaowashika watoto wa namna yake, yaani kibri, ambao wazee waliuogopa kuliko ujinga. Ndiyo maana walimbebesha taa ya sheikh njiani na kumtanguliza kuteka maji ya udhu, ili akili isimpande kichwani kabla adabu haijatua moyoni.

Alama ya kuwa mtu amekamilika ilikuwa ijaza. Ijaza ni ruhusa anayoitoa sheikh kwa mwanafunzi wake, aghalabu kwa maandishi, kwamba kitabu fulani amekisoma kwake na amekifahamu, na kuanzia hapo anaweza kukisomesha kama yeye sheikh alivyoruhusiwa na sheikh wake, na huyo na wake, hata silsila ifike kwa mtungaji. Haikusema kwamba mtu amekaa miaka mitatu, ilisema ameweza. Wala haikumfanya kuwa mwalimu wa kila kitu: mtu aliweza kuwa na ijaza ya nahau asiwe nayo ya fikihi, na mwanafunzi aliyemzidi sheikh wake katika fani fulani alipewa barua na baraka apande jahazi aende kwa mwingine. Wala mzee aliyemwandikia barua hiyo hakuona kuwa ameshindwa. Kumtambua mtoto aliyekupita, na kujua umpeleke kwa nani, ilihesabiwa kuwa nusu ya ualimu.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa watu wawili ambao majina yao yangali yakitajwa kwa heshima katika kila msikiti wa Kishafii wa pwani hii. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, na akili yake ilikuwa ya namna ambayo zama za Sayyid Barghash, kabla ya kutimiza umri wa miaka 30, alikwisha kuwa kadhi Unguja. Naye, juu ya kupewa kiti hicho, alikiacha akasafiri hadi Istanbul, na Misri, na Makka, kwa kuwa aliona bado anahitaji kusoma, kisha ndipo akarejea Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu karibu na mwaka huohuo. Walikuwa hirimu moja. Na Bakathir, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachuoni, alikaa mbele ya Ibn Sumait kama mwanafunzi, pasina haya, mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka 1897 sheikh wake alimtuma Hadhramaut, akazizungukia halaka za huko, akakaa chini ya wanavyuoni, akapata ijaza zao, na habari za safari hiyo akaziandika kitabu. Mtu wa miaka 36 hivi, mwenye wanafunzi wake mwenyewe, kurudi kuwa mwanafunzi kwa amri ya rafiki yake: haya ndiyo yaliyofanywa na watu wa jamvini kwa walimu waliokwisha kuwa walimu, na leo tungeyaita mafunzo kazini.

Nyumbani kwake Ukutani, Unguja, Bakathir alifungua madrasa yake, na wanafunzi wakamjia kutoka kila bandari. Mmoja wao alikuwa kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1891, al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefiwa na baba yake angali mtoto mdogo, akalelewa katika elimu na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaja Unguja kusoma kwa Ibn Sumait na Bakathir. Huyu ndiye aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata alipofariki mwaka 1947, na aliandika kwa Kiswahili cha kufahamika na kila mtu mambo ambayo kabla yake yalikuwa yamefungiwa katika Kiarabu. Ibn Sumait na Bakathir walifariki mwaka mmoja, 1925; lakini silsila haikukatika, kwani wanafunzi wao ndio waliomsomesha Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912, mtu aliyefanya kazi ya ualimu katika shule za serikali za Unguja na wakati huohuo akawa mtu wa darsa, na ambaye mwaka 1969 tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka ikiwa kamili. Farsy alivuka kutoka jamvini hadi kwenye dawati bila kuliacha jamvi, na katika kitabu chake cha habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika ametuhifadhia nani alisoma kwa nani, jambo ambalo bila yeye lingepotea.

Hata hivyo, nisipowaeleza wazee kwa haki nitakuwa nimewadhulumu kwa sifa. Jamvi lao halikuwa pana kiasi cha kumtosha kila mtu. Kipaji kilionekana mahali palipotazamwa, na macho ya masheikh wengi yalitazama nyumba chache: masharifu, makadhi, matajiri. Mtoto wa kike aliifikia Kurani, na wachache wakapata zaidi majumbani mwao, lakini halaka ya msikitini haikuwa yake. Mtoto wa mtumwa alifundishwa yanayomtosha kuswali, akaachwa hapo. Na chuoni fimbo ilitumika kupita kiasi, na wengi walihifadhi bila ya kufahamu, wakafa hivyo.

Aliyeuvunja ukuta huo Lamu alikuwa mgeni kutoka Ngazija, Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleili, anayejulikana kwa watu wote kwa jina la Habib Saleh. Alihamia Lamu katika karne ya 19, akakaa upande wa Langoni, akaanza kuwasomesha wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, watumwa na waliotoka utumwani na watu wa kazi. Na wakubwa wakamkasirikia, wakamwona anaharibu mpango wa mji. Yeye akaendelea, hata ukajengwa msikiti wa Riyadha, uliofuata mfano wa ule wa mwalimu wake Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, na kutoka Riyadha wakatoka walimu walioenea pwani yote. Mimi naihesabu kazi ya Habib Saleh kuwa kubwa kuliko vitabu vingi, kwa kuwa yeye alithibitisha kwa vitendo kwamba akili ambayo mji umeikosa haikuwa haiko, bali haikutazamwa.

Kisha zikaja shule za madarasa. Zilileta mengi mema, na mimi ni mmoja wa waliofaidika nazo: zilimwingiza msichana, zilimfikia mtoto wa bara, zilifungua milango ya elimu ambazo halaka haikuzijua. Lakini zilileta pia kitu ambacho jamvi halikukijua, nacho ni kungoja. Watoto wa umri mmoja waliwekwa chumba kimoja, wakapewa somo moja kwa saa moja, na mwalimu akafunzwa kusomesha kwa mwendo wa katikati, usio wa mwepesi wala wa mzito. Hata huko zilikotoka shule za namna hii kasoro hiyo ilionekana. Mwaka 1922, katika mji wa New York, mwanamke mmoja aliyekuwa akiwafundisha walimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, Leta Hollingworth, alianza kuwachungua watoto wenye akili za kupita kiasi katika shule moja ya serikali, na mwaka 1926 akatoa kitabu juu yao. Naye alikata shauri kwamba mtoto ambaye kipimo cha akili yake ni 140 hupoteza nusu ya wakati wake katika darasa la kawaida, na aliyefika 170 huupoteza karibu wote.

Mwaka huohuo 1922, Makerere ilifunguliwa Uganda, na Butiama akazaliwa Julius Nyerere. Alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa amekwisha kuwa na umri wa miaka 12 hivi, na masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, ndipo akapelekwa Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943, alikotoka mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Watu husimulia habari hii kusifu akili yake. Mimi kila niisikiapo huwafikiria walimu wa Mwisenge, ambao hawakumwacha angoje mwaka wa nne. Walimwoshea ubao wake siku alipohifadhi.

Leo Tanzania ina shule zilizotengwa kwa wanafunzi wenye vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala na Msalato, na kuingia humo ni fahari ya ukoo mzima. Ni kazi njema. Lakini shule hizo huwapokea watoto ambao mtihani umekwisha kuwaona, wakiwa wamekwisha kumaliza miaka saba ya kungoja. Na yule aliyechoka kungoja, akaanza kuitwa mtundu, kisha mvivu, kisha akaacha shule, mtihani haukumwona. Huyo angeonwa na mwalimu wa darasa la pili tu, katika shule ya kawaida ya kijijini, kama mwalimu huyo angalifunzwa kutazama.

Basi nina ombi moja kwa wakuu wa vyuo vyetu vya ualimu, ambao wamelirithi neno la wazee wetu na sasa nawaomba wairithi na kazi yao. Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, pamoja na darasa lake la watoto 60, apewe mtoto mmoja tu, yule aliyemaliza kabla ya wote na sasa anachezea kalamu, amsomeshe kwa mwendo wa mtoto mwenyewe muda wote wa mazoezi, kisha amkalishe mtoto huyo mbele ya wenziwe awafahamishe, na mkufunzi awe ameegemea ukuta wa nyuma akisikiliza. Halihitaji fedha wala jengo. Na mkufunzi asiyejua asikilize nini, darsa ya Riyadha ingali ikisomwa Lamu. Aende akakae jamvini.